Kushuka si Kazi, Kazi ni Kupanda: Balasti na Pompi za Sumarini Yetu

Maneno ya kikundi cha atelie mbele ya mukutano mukuu wa chama, hapa Lubumbashi. Tumeyaandika vile yalisemwa. Tumepunguza tu fasi tulizorudilia.



Komite ilituomba tuje kujibu ulizo moja. Ulizo hilo linatembea tangu miezi, ku misa, ku soko, na hata ku matanga. Linasema hivi: "Bale batoto tulirudia nabo toka mu kambi, chama inabasaidia, na leo banatengeneza sumarini. Ya kufanya nini? Na mutu akikufa mule ndani?" Ni maulizo mawili, na yote mawili ni ya haki. Tumekuja kuyajibu bila kuficha, sababu kuna siku moja ambayo jibu la ulizo la pili lilikuwa karibu kuwa jibu baya.

Tuanze na makuta, ili masikio yafunguke. Hakuna hata franka moja ya kesi ya matanga wala ya kesi ya wagonjwa iliyoingia mu ile kazi. Mwili wa sumarini ni sisterni nzee ya mazuti, mutu wa chama alitupatia. Mapipa yalikuwa ya kutupwa. Vyuma vya uzito ni vya magari mazee. Kuchomelea tulichomelea wenyewe, usiku, saa umeme unarudi. Mama mutunza kesi yuko hapa, ana daftari, kila mutu anaweza kuliangalia.

Tulitoka wapi na hii kazi

Wengi wetu mu atelie tulikulia Zambia, mu kambi za Kala na Mwange. Wengine mu chama walitokea Tanzania. Mu kambi, maji yalitoka ku pompi ya mukono, na mutoto aliyejua kubadilisha ngozi ya pistoni alikuwa mutu wa maana. Njo pale mikono yetu ilijifunza. Kurudisha watu toka Zambia kulianza mwaka 2007. Tulipofika huku, makaratasi yetu ya masomo yalikuwa ya Kiingereza, na kila mulango tuliopiga hodi walituambia turudie kesho. Munaijua ile kesho.

Sumarini ilianza kama muchezo. Kijana mumoja aliona ku telefone mutu wa inchi ya mbali aliyejitengenezea yake mu lupango. Tulicheka. Lakini muzee mumoja wa chama, aliyefanya kazi ya pompi ndani ya mugodi miaka mingi, hakucheka. Alisema: "Fanyeni. Mutu mwenye kujua kutosha mayi mu sumarini, anajua kutosha mayi fasi yote." Hiyo njo jibu letu la ulizo la kwanza. Sumarini ni shule. Muji huu wote unaishi juu ya migodi, na mugodi unaishi juu ya pompi.

Anayefikiri pompi ni kitu kidogo, aende Kipushi, kilometa 30 hivi toka hapa. Ule mugodi ulifunguliwa mwaka 1924, na kuchimba kulisimama 1993. Lakini maji ya chini hayajui kama kazi imesimama. Yanaendelea kuingia, na pompi zinapaswa kuendelea kuyatosha. Mwaka 2011 pompi zilishindwa. Maji yakapanda mpaka karibu mita 850 tu toka uso wa udongo. Kuyashusha tena mpaka mita 1,150 kulifika mwisho wa mwaka 2013. Fikirini: maji yenyewe hayakuomba ruhusa ya mutu kupanda, na kuyashusha kulichukua kazi ya kilio.

Hesabu ya uzito

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Sheria ni moja, ya Archimedes, na haina ugumu: kitu kilicho ndani ya maji kinasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Lita 1 ya maji ni kilo 1.

Mwili wa sumarini yetu unaondoa lita 1,200. Basi ili isimame katikati ya maji, isipande na isishuke, inapaswa kupima kilo 1,200 kamili. Tuhesabu pamoja. Chuma cha mwili, kilo 430. Batiri, kilo 60. Pompi, robine na tiyo, kilo 40. Mutu mumoja, kilo 80. Jumla kilo 610. Inabakia kilo 590 za kutafuta! Wengi wanafikiri chuma kinazama chenyewe. Sumarini tupu ni sawa na sufuria juu ya maji: inakataa kuzama. Tulijaza kilo 575 za vyuma ku tumbo lake, na zile 15 za mwisho tuliziacha kwa maji.

Ule muzigo wa maji, unaoweza kuingiza na kutosha, njo tunaita balasti. Yetu ni ya namna mbili, na tunaomba mushike tofauti yake, sababu hapo njo tulianguka.

Namna ya kwanza ni mapipa mawili ya inje, moja kila upande, jumla lita 120. Chini yako wazi. Juu yana robine. Ukifungua robine, hewa inatoka, maji yanaingia kwa chini. Ukitaka kupanda, unafunga robine na kuingiza hewa ya nguvu toka mu chupa. Hewa inasukuma maji inje. Mapipa yakijaa hewa, sumarini inapata kilo 120 za kuibeba juu ya uso wa maji.

Namna ya pili ni tanki ndogo ya lita 30, ndani ya mwili, imefungwa pande zote, chuma chake kinene. Hiyo ni ya kusawazisha. Mutu akiwa kilo 70 badala ya 80, unaongeza lita 10. Inafanya kazi na pompi: pompi inatosha maji toka tanki na kuyasukuma ziwani. Tuliitia vizuizi ndani, sababu tanki iliyojaa nusu, maji yake yanakimbia mbele na nyuma, na chombo kinainama zaidi upande kimeanza kuinamia. Aliyebeba pipa la maji nusu ku kinga anajua.

Ile siku ya Tshangalele

Tulibeba sumarini ku lori mpaka ziwa Tshangalele, lile lililotokea mwaka 1930 na baraji ya Mwadingusha juu ya muto Lufira. Tulilichagua sababu maji yake si marefu. Fasi tuliyopata ilikuwa na mita 4. Wavuvi walitukopesha mitumbwi miwili.

Pale tulikuwa na makosa matatu ndani ya chombo, na hatukuyajua.

Kosa la kwanza: chupa ya hewa ilikuwa bado haijanunuliwa. Tulisema mita 4 ni kitu gani, pompi itatosha.

Kosa la pili: tulitaka sumarini ishuke polepole, kwa heshima. Tukawaza kuacha hewa nusu mu mapipa, lita 60, na kuongeza kilo 60 za chuma ili uzito ulingane na hiyo hewa. Ku karatasi hesabu ilikuwa sawa.

Kosa la tatu: pompi. Ilikuwa pompi ndogo ya umeme ya volti 12, ya kutosha maji ndani ya mitumbwi ya mota. Juu yake iliandikwa: mita 3. Tuliona ile alama. Hakuna aliyeuliza mita 3 maana yake nini.

Na kulikuwa na jambo la ine. Kijana wetu mumoja alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alitaka kuingia. Alisema amefanya kazi miezi 14 juu ya ile siku. Sisi wengine tulikuwa karibu kumuruhusu. Tuseme kweli, wawili kati yetu walikuwa wameshika mulango wazi. Mama mutunza kesi alikuwa amekuja kuona makuta ya lori yalienda wapi. Akasema: "Mwana ya mutu haingie mule. Mutie muchanga kwanza. Muchanga ikirudia, tutasemezana." Kijana alikasirika. Tukajaza mifuko ya muchanga, kilo 80, tukaifunga pale mutu angekaa.

Tukafungua robine. Sumarini ikashuka nusu mita, polepole, watu wakapiga mikono. Kiisha ikaacha kuwa polepole. Ikaenda kama jiwe, kamba ikakimbia mu mikono yetu mpaka ikachoma ngozi, ikagonga chini.

Kulipita nini? Hewa inakandamizwa. Huku kwetu juu, karibu mita 1,200 kupita usawa wa bahari, hewa inasukuma kama bari 0.88. Ukishuka mita 4 ndani ya maji, maji yanaongeza bari 0.39. Jumla 1.27. Zile lita 60 za hewa zinabakia lita 42 hivi. Lita 18 zimepotea, na maji yameingia fasi yake kwa chini. Basi chombo kilichokuwa sawasawa juu, kule chini kina uzito wa kilo 18 kupita kiasi. Na kadiri kinashuka, njo kinazidi kuwa kizito, njo kinazidi kushuka. Hakisimame chenyewe. Kama ziwa lingekuwa la mita 10, hewa ingebakia chini ya nusu.

Tukawasha pompi na waya toka mutumbwi. Tuliisikia ku waya, ilikuwa inakula umeme. Tulingoja. Hakuna kitu. Sumarini haikutikisika.

Tulivuta na kamba. Kilo 18 ni mufuko mudogo wa unga, watu wanne wangeziinua. Lakini matope yalikuwa yamelishika tumbo. Tulivuta kushoto, tukavuta kuume, tangu saa inne ya asubui mpaka jua likaanza kushuka, kisha matope yakaachia. Tulipofungua mulango, tanki ndogo ilikuwa na lita 15 zile zile. Hakuna hata kikombe kilichotoka. Na hata kama zote 15 zingetoka, tulihitaji kilo 18.

Muchanga ulikuwa pale, mukavu, umefungwa vizuri. Kijana aliuangalia muda murefu. Hatukusema kitu. Tulirudia Lubumbashi usiku, mu lori, na hakuna aliyeimba.

Pompi inasukuma, haivute

Ile wiki muzee alitukalisha. Aliuliza: "Mita 3 maana yake nini?" Maana yake ni kwamba ile pompi, inayozungusha maji na mabawa, inaweza kuyainua mita 3, basi. Kwa mita 3 inazunguka na maji yanasimama. Ndani ya sumarini hewa ni ile ya juu. Inje ni maji ya mita 4. Kutosha maji inje ni sawa na kuyainua mita 4. Pompi ile ilikuwa imeshindwa mbele ya kushuka. Kitu kimoja tulifanya muzuri: tulitia robine isiyorudisha ku tiyo. Bila ile, maji ya inje yangepita ndani ya pompi na kujaza tanki.

Pompi ya pistoni ni neno lingine. Yenyewe inatoa maji kidogo, lakini inasukuma kwa makasi ya mukono wako. Pistoni ya upana wa santimeta 4, ku mita 10 za maji, inakuomba nguvu ya kilo 13 hivi. Mama yeyote wa hapa anabeba kupita ile. Ukivuta santimeta 15 kila mara, lita 15 zinatoka kwa mara 80. Ni jasho, si umeme. Ni ile ile pompi ya Kala, bandugu. Tuliikimbia tukaenda kutafuta ya volti 12.

Muzee aliongeza lingine, na hili linafaa hata kwa mutu asiyetaka kusikia habari ya sumarini. Pompi haivute maji. Inaondoa hewa mu tiyo, na hewa ya inje njo inasukuma maji kupanda. Ku usawa wa bahari hewa inaweza kuyapandisha mita 10 na kitu. Huku Lubumbashi, hewa ni nyepesi, haifike hata mita 9. Na kwa kazi ya kweli, mita 6 au 7. Basi watu wa Kasungami na Kalebuka wenye visima vya mita 15, wanaouziwa pompi ya kukaa juu, wanatupa makuta. Hakuna pompi ya dunia hii inayoweza kuvuta mita 15 toka juu. Inapaswa kushushwa chini, ili isukume. Tangu ile siku tumefika ku visima vya majirani kazaa na kusema neno hilo, na mahali pompi ilikuwa bado nzuri tuliishusha tu. Wawili kati yetu leo wanakula na ile kazi. Wafadhili wetu, mukituuliza sumarini imezaa nini, imezaa hiyo.

Njia tatu za kupanda

Kisha tulisoma. Tulitaka kujua wale wa zamani walifanya namna gani, na waliokufa walikufa juu ya nini.

Mwaka 1775, ku Marekani, David Bushnell alitengeneza chombo cha mbao cha mutu mumoja, kikaitwa Turtle, yaani kobe. Hakikuwa na umeme, hakikuwa na mota. Kushuka, mutu alikanyaga robine, maji yakaingia. Kupanda, alikuwa na pompi mbili za mukono. Na chini kulikuwa risasi nzito, sehemu yake kama kilo 90 aliweza kuiachia akiwa ndani. Tazameni: mwaka 1775 mutu alikuwa na njia mbili za kupanda. Sisi, na telefone mu mufuko, tulikuwa na moja, na ilikuwa mufu.

Mwaka 1863, kule kule Marekani, mu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, sumarini ya Horace Hunley ilizama tarehe 15 Oktoba na watu 8, yeye mwenyewe ndani. Robine ya maji ya mbele iliachwa wazi, na tanki yake haikufungwa kwa juu, basi maji yakamwagika ndani. Ilikuwa na chuma cha kuachia. Lakini chuma kilifungwa na buloni za kuzungusha na ufunguo. Walipoipandisha, walikuta buloni zimezungushwa, ila hazikuisha. Tuliposoma ile, tuliacha kusoma kwanza. Munaelewa: walijua njia, walikuwa na njia, na njia ilikuwa ndefu kupita pumzi.

Na Auguste Piccard, Muswisi aliyefundisha Bruxelles, alipotengeneza chombo cha kushuka chini ya bahari, uzito wake ulikuwa chembe za chuma zilizoshikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, chuma kinaanguka, chombo kinapanda. Na namna ile, Trieste ilifika tarehe 23 Januari 1960 kwa shimo la bahari lenye karibu mita 10,900, na watu wawili ndani, ikarudia. Sisi watu wa delestaji tulifurahi kupita wote. Huku kila kitu umeme ukikatika kinakufa. Huyu alitengeneza kitu ambacho umeme ukikatika kinapona.

Basi hii njo mupango mupya, na tunaomba muushike sababu mutatuhukumu juu yake.

Kwanza, mapipa ya inje yanajaa au yanakuwa tupu. Nusu hapana, tena hata siku moja. Kilo 60 za chuma tulizoongeza tulizitosha. Ndani kutakuwa na chupa ya hewa ya lita 10. Ikijazwa bari 100, inabeba lita kupita 1,000 za hewa ya huku juu. Kutosha maji ya mapipa yote mawili ku mita 10 kunaomba kama lita 255. Basi tuna karibu mara 4.

Pili, tanki ndogo ina pompi ya pistoni, ya mukono. Ya umeme itabakia, ya makasi zaidi, lakini haihesabiwe kama njia ya kupanda.

Tatu, ku tumbo, inje, kuna chuma cha kilo 60 kinachoshikwa na sumaku ya umeme ya batiri. Hicho ni sehemu ya zile 575, hatukuongeza. Batiri ikikufa, kinaanguka. Waya ikikatika, kinaanguka. Na ndani kuna mukono mumoja wa kuvuta mara moja tu, bila ufunguo, bila buloni. Tulihesabu mabaya yote yaje pamoja: tanki ndogo ijae yote, kilo 15 za ziada, maji yavuje ndani lita 20, mapipa yasipate hata pumzi moja ya hewa. Jumla kilo 35. Chuma cha kilo 60 ndani ya maji kinapima kilo 52 hivi, sababu chenyewe pia kinasukumwa juu. Inabakia kilo 17 za kupandisha. Juu ya matope, zile 17 ni kidogo. Kwa hiyo tuliongeza miguu minne chini, ili tumbo lisilale tena ndani ya matope.

Tunachoomba

Kuna wazee wa chama waliovuka Tanganyika mwaka 1997 na meli Liemba, toka Kigoma mpaka Uvira. Ule mwaka ilirudisha kwa inchi yetu watu kupita 75,000. Ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, vita ilipowafikia. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipakaa mota zake mafuta mazito. Waliiweka chini wakiwaza siku ya kuipandisha. Waingereza waliipandisha mwaka 1924, na 1927 ikaanza tena kazi na jina la Liemba. Wazee wetu walirudia nyumbani juu ya chombo kilicholala chini ya maji, sababu fundi mumoja, wakati wa kushuka, alifikiri kupanda. Hatuna mufano mwingine wa kuwapatia kupita huo.

Maombi yetu kwa mukutano ni manne.

Moja: muandike ndani ya daftari la chama kwamba hakuna mutu atakayeingia ndani ya sumarini mbele ya kushuka mara 10 na muchanga, umeme ukiwa umekatwa kwa kusudi, na kupanda yenyewe mara 10. Ikikosa hata mara moja, tunaanza tena ku moja. Na hata ikifika 10, si sisi tutakaosema ndiyo. Mutasema ninyi, ku mukutano kama huu. Sisi tunapenda sana ile kitu, na mutu mwenye kupenda hapime muzuri. Mwaka 2023 watu 5 walikufa mu Titan, chini ya bahari ya Atlantiki, na wenye kuonya walikuwa wameonya.

Mbili: wafadhili, hatuombi makuta mu mukono. Tunaomba chupa moja ya hewa iliyopimwa na wenye ruhusa ya kupima, manometa mbili, na koti 6 za kuelea kwa wale wanaokaa mu mitumbwi. Chupa ya kuokota hatutaitumia. Chupa mbovu yenye bari 100 ni bomba.

Tatu: vijana wanane wapya wa chama waingie atelie, wasichana na wavulana. Watafundishwa pompi kwanza. Sumarini watagusa nyuma ya kutengeneza kisima kimoja ambacho jirani anakunywa maji yake.

Ine: mama mutunza kesi awe memba wa atelie, na akuwe ku kila safari ya ziwa. Yule kijana aliyevua viatu njo aliyeleta hilo ombi, na aliomba tulisome mbele yenu. Yuko pale nyuma, amesimama karibu ya mulango. Viatu vyake viko mu miguu.

Maulizo yenu tunayangoja, hata yale makali.